Piano za stesheni: yanayosemwa na ukweli wake

Ukienda kupanda treni ya Paris katika stesheni ya St Pancras, London, unaweza kukuta piano iliyoachwa wazi, bila mlinzi wala kiingilio. Piano za namna hii zimeenea Ulaya, na maneno yasiyo sahihi yameenea nazo. Yana hasara yake, kwa sababu mtu mwenye hamu ya kuigusa huishia kupita tu.

Dhana: Ni za mabingwa.

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Video zinazosambaa mitandaoni ni za mafundi wa piano, maana ni nadra mtu kusambaza ya mtoto anayetafuta wimbo kwa kidole kimoja. Ukweli ni kwamba hakuna mtihani wa kuketi pale. Mwanamuziki Elton John alipoipatia St Pancras piano Februari 2016, aliipiga mbele ya abiria kisha akaacha maandishi kwamba ni zawadi, waifurahie. Hakuweka sharti la kipaji. Huko Ufaransa, shirika la reli la SNCF lilianza kuweka piano stesheni mwaka 2012, likiwaalika abiria wenyewe wapige. Kama unajua mistari minne tu ya wimbo wa kanisani, piga hiyo minne.

Dhana: Ni desturi ya kale ya reli.

Hapana. Ni jambo la miaka ya karibuni, tena halikuanzia reli. Mwaka 2003 huko Sheffield, Uingereza, piano iliyoshindikana kupandishwa ngazi za nyumba iliachwa barabarani, wapita njia wakaanza kuipiga. Mwaka 2008 msanii Luke Jerram alitawanya piano 15 mjini Birmingham. Wazo lilimjia kwenye duka la kufulia nguo: kila wikendi aliwakuta watu walewale, na hakuna aliyemsemesha mwenzake. Akaona piano ingewafungulia mazungumzo.

Dhana: Ni mabovu yasiyotunzwa.

Zipo kuukuu, zilizotolewa na watu waliokosa pa kuziweka. Lakini hata piano nzuri huharibika sauti stesheni, na mara nyingi chanzo ni hewa. Ndani yake kuna nyuzi zaidi ya 200, zinazovuta fremu ya chuma kwa nguvu inayozidi tani 15. Nyuma kuna ubao mpana unaokuza sauti. Unyevu ukizidi, ubao huvimba na nyuzi hukazika. Hewa ikikauka, ubao hunywea na nyuzi hulegea. Sasa fikiria stesheni ambayo milango yake haifungwi kutwa nzima.

Tena noti nyingi zina nyuzi tatu zinazogongwa na nyundo moja. Mmoja ukilegea kidogo tu, sauti inayumba. Fundi huziba mbili kwa kipande cha mpira, akaukaza wa tatu kwa ufunguo wake mpaka utulie, ndipo anawalinganisha wenzake nao mmoja mmoja. Anaendelea hivyo mpaka amalize vibonyezo vyote 88, hata vile vyenye nyuzi pungufu, huku matangazo ya treni yakimwingilia. Ukimkuta kazini, tafadhali usipige soga karibu naye.

Dhana: Aliyeketi, au aliyesimama karibu, anaweza kuwakataza wengine kurekodi.

Januari 2024 ugomvi wa aina hii ulizuka St Pancras hadi polisi wakafika. Uingereza haina sheria ya jumla inayokataza kurekodi mahali penye umma. Hata hivyo stesheni ina mwenyewe, naye ndiye mwenye haki ya kuweka masharti. Kwa hiyo soma kibao kilichowekwa karibu na piano, na ukiona watu wanasubiri, maliza wimbo wako uwapishe.