Mwaka wa Mwenye Nyumba Hauna Miezi 12

Mtu anayekuja kutuomba ushauri kabla ya kununua nyumba ya kupangisha mara nyingi huja na karatasi, na hesabu iliyomo ni moja: kodi ya mwezi mara 12. Anachukua bei ya nyumba, anaigawa kwa jibu hilo, anaona miaka ambayo hela yake itarudi, anafurahi. Kazi yetu, bahati mbaya, ni kumpunguzia furaha hiyo mapema, maana nyumba yenyewe ikimpunguzia itakuwa kwa gharama kubwa zaidi.

Tuweke sarafu pembeni, tuhesabu kwa miezi ya kodi. Nyumba imenunuliwa kwa bei inayolingana na kodi ya miezi 120. Kwenye karatasi inaingiza asilimia 10 kwa mwaka. Sasa tuanze kutoa. Mpangaji amehama na nyumba imekaa wazi mwezi mmoja, zimebaki kodi 11. Matengenezo nayo yanataka fungu lake. Makisio yanayotumiwa sana ni kutenga asilimia 1 ya thamani ya nyumba kila mwaka, na hapa hiyo ni kodi ya mwezi mmoja na kipande, yaani 1.2. Msimamizi akilipwa kati ya asilimia 8 na 10 ya kodi, umeondoka karibu mwezi mwingine. Bima na tozo za serikali tuzikadirie 0.8. Mkononi zimebaki kodi za miezi 8. Ile asilimia 10 haifiki hata 7.

Na mkopo hatujaugusa. Kama nusu ya bei ilikopwa kwa riba ya asilimia 12, riba ya mwaka wa kwanza pekee inakula karibu miezi 7.2. Mwenye nyumba anabakiwa na kodi ya siku 24 hivi, na deni lenyewe bado halijapungua. Riba ikipanda hadi asilimia 14, inahitaji miezi 8.4. Hapo wapangaji wanalipa vizuri, hakuna aliyevunja kitu, na bado mwenye nyumba anaongezea kutoka mfukoni.

Nimeanza na hesabu kwa makusudi. Malalamiko mengi yanayofika kwetu yana kichwa cha habari "mpangaji msumbufu", lakini ukichimba unakuta mwenye nyumba ambaye hesabu yake haikuwa na nafasi ya kupumua. Asiye na akiba hupokea mpangaji wa kwanza anayebisha hodi. Bomba likivuja humwambia mpangaji avumilie. Kodi ikichelewa siku tano, anafoka, kwa sababu benki nayo inamsubiri yeye.

Tuseme kuhusu huyo wa kwanza anayebisha hodi. Nyumba kukaa wazi mwezi mmoja kunauma, lakini kuna mwisho. Mpangaji asiyelipa anaweza kukaa miezi sita wakati shauri likifuata njia zake, na muda wote huo huna kodi wala nyumba. Kwa hiyo uliza kipato chake kinatoka wapi na kama kinatosha kulipa kodi na kubakiza cha kula. Uliza pia alikotoka. Hapa kuna ujanja ambao wazoefu wanaujua: usiridhike na neno la mwenye nyumba wa sasa, kwani anayetaka kuondokewa na mzigo anaweza kuusifia. Mtafute yule wa kabla yake, hana sababu ya kukudanganya. Kabila, dini au idadi ya watoto si vipimo vya ulipaji, na katika nchi nyingi kumkataa mtu kwa sababu za namna hiyo ni kosa.

Malimbikizo ya kodi ndiyo yanayoleta watu wengi kwetu, na karibu wote huja wamechelewa. Mwezi wa kwanza walinyamaza kwa haya. Mwezi wa pili walipewa ahadi. Wa tatu mpangaji hapokei simu. Deni la mwezi mmoja mtu anaweza kulilipa kwa kujibana. La miezi mitatu kwa wengi halilipiki, na hapo hata mpangaji mwema huanza kujificha. Ongea naye wiki ya kwanza, bila ukali, kisha mwandikishiane: deni ni kiasi gani, atalipa lini na kwa mafungu mangapi. Kila fungu litolewe risiti. Ikishindikana, mpe notisi ya maandishi kwa muda unaotajwa na mkataba na sheria, halafu nenda kwenye chombo kinachohusika na migogoro ya upangaji.

Jambo moja usilifanye hata ukiwa na haki asilimia mia: kukata maji, kubadilisha kufuli, kung'oa mlango au kutupa vyombo vya mtu nje. Katika nchi nyingi sheria hairuhusu mwenye nyumba kujitolea hukumu mwenyewe, na aliyekuja kudai kodi anaweza kujikuta anadaiwa fidia na yule yule mdaiwa wake.

Methali ya ufa na ukuta, kwa mwenye nyumba, huja na ankara. Tone moja linalodondoka kila sekunde kutoka bomba bovu linapoteza maelfu ya lita kwa mwaka, na mpira unaolizuia ni kati ya vitu rahisi kabisa dukani. Mahali palipolowa ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo kulipaka rangi doa la dari bila kuziba paa ni kulificha tu mpaka lirudi. Panda juu, au mtume fundi, angalau mara mbili kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo iwe kabla ya mvua.

Amana nayo huzua ugomvi usio na sababu. Hiyo ni hela ya mpangaji uliyoshikiziwa. Ukiitumia kulipia saruji ya nyumba nyingine, siku anahama utatafuta kasoro ili usimrudishie. Rangi iliyofifia na sakafu iliyosuguliwa na nyayo ni uchakavu wa kawaida. Sinki lililopasuka ni uharibifu. Tofauti hiyo haithibitishwi kwa kumbukumbu: siku ya kuingia piga picha kila chumba, andika namba za mita, na wote wawili mtie saini.

Kupandisha kodi kunahitaji hesabu kama ile ya mwanzo. Umeongeza asilimia 5, mpangaji mzuri akahama, nyumba ikakaa wazi mwezi mmoja. Nyongeza hiyo itachukua miezi 20 kufidia mwezi uliopotea, kabla hujamlipa dalali na fundi rangi. Mara nyingine bei ya chini kidogo ya soko ndiyo yenye faida, ingawa wenye nyumba hawapendi kusikia hivyo kutoka kwetu.

Wanaomiliki nyumba wakiwa mbali humwachia ndugu usimamizi "kwa kuaminiana". Muaminini tu, lakini mlipeni, na kodi iingie moja kwa moja kwenye akaunti. Ndugu asiye na mshahara ataupata mahali fulani.

Limebaki suala la neno lenyewe. Kiswahili kinatumia kodi kwa hela inayotoka kwa mpangaji na pia kwa ile inayokwenda serikalini, na wengi hukumbuka ya kwanza tu. Mapato ya pango kwa kawaida hutozwa kodi, na mahali pengi baadhi ya gharama za kuendesha nyumba hukubalika kupunguza kiasi kinachotozwa, mradi zina ushahidi. Basi risiti ya fundi bomba isikae mfukoni mwa suruali iliyokwenda kufuliwa. Nunua faili moja kwa kila nyumba, iwekwe humo siku hiyo hiyo.