Je, wajua kwa nini wanachuo wawili wenye kibarua cha saa zilezile hawapati matokeo sawa?

Bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa, mwanachuo wa Malimbe, Mwanza, hakai tu akisubiri. Huyu atafundisha tuisheni jioni, yule atashuka mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, kuchukua dagaa wa kuuza. Wote wawili wanaweza kufanya kazi saa 15 kwa wiki, lakini matokeo yakitoka, mmoja ana sapu, yaani mtihani wa kurudia, na mwenzake hana.

Muda upo. Katika vyuo vikuu vya Tanzania krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka una krediti 120, yaani saa 1,200. Zigawe kwa wiki 30 za masomo: saa 40 kwa wiki, kujisomea kukiwamo. Toa na saa 8 za kulala kila usiku, bado zinabaki 72 kati ya saa 168 za wiki. Saa 15 za kibarua zinaenea. La kuuliza ni zinamegwa wapi.

Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti vizuri, na wavuvi wengi hupumzika. Giza likirudi, mzigo hutua alfajiri baada ya alfajiri, na usipoanikwa mapema unaharibika. Kazi hiyo inafuata mwezi, haingoji UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ipite. Anayeamka saa 9 usiku kuiwahi anakatisha usingizi, na ni usingizini ubongo unapoyakaza yaliyosomwa mchana. Kisha saa 2 asubuhi yuko darasani anasinzia, kwa hiyo amekosa ya jana na ya leo. Mwalimu wa tuisheni amelala usiku kucha, na hesabu anazowafundisha watoto anazidi kuzishika.

Hata hivyo saa nazo zina uzito wake. Berea College, Kentucky, Marekani, humtaka kila mwanafunzi afanye kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Utafiti uliofanywa hapo na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa saa za kazi zikiongezeka, alama hushuka.

Kumwambia mtoto wa mkulima aache kibarua naona ni kumwonea, maana kodi ya geto haimngoji. Afadhali wanaotegemea dagaa waungane wawili wawili na kupokezana alfajiri, na wiki ya mitihani mzigo wauache upite.