Ribbons Almark si Innovator

Wapenzi wengi wa anime za maroboti wanaamini kwamba Ribbons Almark, adui mkuu wa Mobile Suit Gundam 00 (2007–2009), ni Innovator, yaani kiumbe aliyepanda daraja juu ya binadamu. Si ajabu: katika msimu wa pili, yeye na wenzake wanajiita hivyo karibu muda wote.

Lakini hadithi yenyewe inasema vingine. Ribbons ni Innovade, kiumbe bandia aliyetengenezwa kuutumikia mpango wa mwanasayansi Aeolia Schenberg. Innovator wa kweli ni Setsuna, mhusika mkuu, binadamu wa kawaida aliyebadilika.

Ukitaka kuhakikisha, rudia dakika za mwanzo za sehemu ya kwanza. Mtoto askari, vifusi kila upande, anainua macho kuitazama Gundam, roboti kubwa ya vita, inayong'aa angani. Mtoto ni Setsuna. Rubani, tunakuja kujua baadaye sana, ni Ribbons. Alimwacha hai kwa sababu ya yale macho yaliyomtazama kama mungu. Kwangu mimi, kiu yake ya kuabudiwa iko wazi hapo kuliko katika maneno yake yote. Kisha tazama pambano la mwisho: anairudia Gundam ileile, na anayemkabili ni mtoto yuleyule, sasa mtu mzima.