Ogopa kopo dogo: kupaka boti rangi ya hadna bila kuharibu kifua

Majuzi mzee mmoja wa Raskazone, hapa Tanga, alinipigia simu. Amestaafu, ana boti ya faiba ya futi 19, na mwanawe amemletea rangi kutoka Dar: kopo kubwa jeupe na kopo dogo la hadna, yaani kigumishi cha kuchanganya na rangi. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia kwa furaha kwamba kijana wa gereji amemwazima kompresa na bunduki ya kupulizia. "Jumamosi namaliza, fundi. Nataka uniambie tu natia thina kiasi gani."

Nikamwambia, mzee wangu, thina tutaongea. Bunduki irudishe leo leo.

Sikusema hivyo kwa wivu wa kazi. Kazi hiyo mimi mwenyewe siifanyi tena, na sababu imo ndani ya lile kopo dogo.

Rangi ya kopo moja hukauka kwa thina kuondoka na mafuta yake kushikana na hewa taratibu. Hii ya makopo mawili ina tabia nyingine. Hadna yake ina kemikali iitwayo isosianeti, na kazi ya isosianeti ni kukamata. Inaikamata rangi ya kopo kubwa na kufungamana nayo kuwa ganda moja gumu, ndiyo maana boti inang'aa miaka mingi chini ya jua letu wakati rangi ya kawaida imeshageuka chaki. Lakini haichagui cha kukamata. Itakamata unyevu wa hewani, itakamata ngozi yako, itakamata utando wa mapafu.

Watu husikia jina wakadhani ni sianidi, ile sumu ya kufisha papo hapo. Siyo hiyo. Hii hufanya mwili ujifunze kuichukia, na mwili ukishajifunza hausahau. Unaitwa mzio, matokeo yake ni pumu. Mtu aliyefika hapo, kiasi kidogo mno ambacho jirani yake hata hakihisi kinatosha kumfunga kifua.

Nilipuliza rangi hizi miaka sita katika karakana moja ambayo sitaitaja. Tulivaa barakoa za kitambaa, na jioni bosi alitununulia maziwa, kila mtu nusu lita, "ya kusafisha kifua". Maziwa yanaenda tumboni, rangi imeenda mapafuni, lakini nani angekataa maziwa ya bure? Mchana sikuona shida yoyote. Kikohozi kilikuwa kinakuja saa nane usiku, kikavu, na filimbi ndani ya kifua. Nikasingizia upepo wa kusi. Mke wangu ndiye aliyefanya hesabu: "Mbona ukishinda nyumbani hukohoi?" Kweli, Ijumaa na Jumapili nilikuwa nalala kama mtoto. Sikujua kwamba pumu ya namna hii hupenda kuchelewa, unavuta mchana inakubana usiku. Leo nikipita Ngamiani nikakuta mtu anapuliza bampa, navuka barabara.

Kwa hiyo neno la kwanza kwa mwenye boti: pua yako haitakusaidia. Ile harufu kali unayoisikia ni ya thina. Isosianeti huwezi kuinusa mpaka iwe imeshapita kiwango cha hatari. Mtu anayesema "harufu imeisha, navua barakoa" ameuliza swali kwa shahidi asiyejua kesi.

La pili ni bunduki. Bunduki huigeuza rangi kuwa ukungu wa matone madogo, na kila tone lina hadna ambayo bado haijashikana na chochote. Ukivuta ukungu huo umeipeleka mwenyewe mpaka chini kabisa ya pafu. Wapulizaji wanaojua kazi huvaa kofia inayoletewa hewa safi kwa mrija kutoka kwenye mashine maalumu ya hewa ya kupumua. Tafadhali usije ukaunga mrija kwenye kompresa ya matairi. Hewa yake ina mafuta, na kama ni ya petroli itakuvutisha moshi wake yenyewe. Kwa boti moja, gharama zote hizo za nini? Kwa brashi na rola mambo hubadilika kabisa, kwa sababu hadna za siku hizi hazipeperuki kirahisi. Zinabaki ndani ya rangi, na rangi inabaki kwenye boti.

Hata hivyo barakoa unavaa. Ya mpira, inayofunika pua na mdomo, yenye vichujio viwili vya mkanda wa kahawia, maana ndivyo vya mvuke wa thina, pamoja na tabaka la kuzuia chembechembe. Ukishaivaa ziba vichujio kwa viganja uvute pumzi: ikinyonywa usoni, sawa, ukisikia hewa inapita shavuni, kaza upya. Ukimaliza kazi vifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa, la sivyo vitaendelea kunywa harufu usiku kucha ukutani.

Hapa kwetu kuna jambo gumu kidogo kulisema: ndevu. Barakoa haikai juu ya ndevu, hewa inapita pembeni kama maji kwenye tenga. Simwambii mtu anyoe, hilo ni lake na dini yake. Ila kama hunyoi, mpe kijana asiye na ndevu apake, wewe simamia.

Mikononi vaa glovu za naitraili, siyo zile nyembamba za mpira za hospitali, ambazo thina hupenya bila kubisha hodi. Rangi ikikudondokea usijifute kwa thina. Najua sote hufanya hivyo. Thina huondoa mafuta ya ngozi na kuifungulia mlango ile kemikali. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, kisha sabuni na maji mengi.

Sasa siku yenyewe. Adui wa rangi hii Tanga ni unyevu. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, umande huanza kutua kwenye kitu chenye nyuzi 26 hivi, na kanuni ni kwamba ubavu wa boti uwe na joto la nyuzi 3 zaidi ya hapo. Yaani 29. Boti iliyolala nje, saa moja asubuhi, haijafika huko. Ipitishie kiganja uone kinavyotoka na maji. Mimi husubiri mpaka saa tatu na nusu, na saa nane mchana brashi zimewekwa chini, ili rangi iwe imeshika kabla umande wa jioni haujashuka na kuua mng'ao. Masika usijaribu.

Joto nalo lina lake. Karatasi ya rangi ikikuambia mchanganyiko unadumu saa nne, angalia imesema kwa nyuzi ngapi. Kila nyuzi 10 zikipanda muda hupungua karibu nusu. Changanya kidogo kidogo, cha kutosha nusu saa, na upime kwa kikombe chenye mistari. Kama karatasi inasema mbili kwa moja, ni mbili kwa moja. Kuongeza hadna "ikauke haraka" hakuifanyi iwahi. Kunabakiza hadna isiyo na mwenzi, na rangi mbovu.

Thina iwe ile iliyotajwa kwenye kopo. Ile ya kupimiwa dukani kwenye chupa za maji ya kunywa mara nyingi ina spiriti, na hadna huikamata spiriti badala ya rangi. Wiki nzima boti inanata. Tena thina kwenye chupa ya maji, nyumba yenye watoto! Hadna iliyobaki funga vizuri, lakini ukihisi maji yameingia usiibane. Ikikutana na maji hutoa gesi, na nimeshaona kopo limevimba kama bunju.

Kama chombo chako ni mashua ya mbao, soma hapa kabla hujanunua chochote. Mbao hucheza, maungio yanafunguka na kufunga, na ganda gumu namna hii hupasuka penye kalafati, zile pamba zilizozibia maungio. Mashua iachie sifa, yale mafuta ya papa, na deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta, kama wazee walivyofanya, au rangi laini ya kopo moja. Na hata kwa faiba, rangi hii ni ya juu ya mstari wa maji. Chombo kinachokaa baharini siku zote, chini yake tumia epoksi na rangi ya kuzuia chaza. Hii ya kung'aa itatoka malengelenge.

Mtu akianza kukohoa au kubanwa, hata siku ya pili yake, asirudi kwenye kazi hiyo. Aende hospitali na kopo mkononi, daktari asome mwenyewe kilichoandikwa.

Mzee alirudisha bunduki. Jumamosi walipaka yeye na mjukuu wake: kijana anabingirisha rola kipande cha kama mita moja, mzee anafuata nyuma na brashi laini kuua mapovu, kabla kingo hazijaanza kushika. Alikuwa amenyoa, sikumuuliza. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki upande unakotoka upepo, mita hamsini na ushee, simu sikioni, nikimwambia, "Mzee, umeacha mchirizi pale nyuma karibu na tezi," naye akinijibu kwa sauti ya ndani ya barakoa ambayo sikuielewa hata neno moja.