Mbegu za dume hazipimwi kwa ukubwa wa mwili wake

Wafugaji wengi wa Tanga, wanapochagua beberu au jogoo wa kuzalisha, huamini kwamba dume mwenye mwili mkubwa hutoa mbegu kubwa. Kumchagua mwenye umbo zuri ni busara, kwa kuwa umbo nalo hurithiwa, lakini mwili si kipimo cha mbegu: mbegu ya fahali haifiki urefu wa mikromita 80 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali ya panya mdogo wa nyumbani ina mikromita zipatazo 120.

Miongoni mwa madume wa spishi moja, mambo huweza hata kugeuka kinyume kabisa. Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka kwa ngisi, kiumbe anayefahamika vyema na wanunuzi wa samaki pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga. Katika spishi ya Heterololigo bleekeri ya pwani ya Japani, dume mkubwa humlinda jike na kuweka vifuko vya manii ndani ya mwili wake, yaani ndani ya ule mwili wenye umbo la mfuko ambao muuzaji huupasua ili kutoa kifuko cha wino. Dume mdogo, asiyeweza kupigana, huvizia na kubandika vifuko vyake nje, karibu na mdomo wa jike. Watafiti walipozipima mbegu hizo, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2011, waligundua kwamba za dume mdogo ndizo ndefu zaidi. Kinachohusika hapa ni mahali yai linaporutubishwa, wala si nguvu za dume. Mbegu za wadogo, tofauti na za wakubwa, hukusanyika makundi kwa kufuata kaboni dioksaidi zinayoitoa zenyewe.

Wengine hudhani kwamba dume ambaye mbegu zake zinatofautiana na za wenzake ni mgonjwa au hakulishwa vizuri. Maradhi na joto kali huweza kweli kupunguza idadi ya mbegu au kuharibu umbo lake, na mfugaji asilipuuze hilo. Hata hivyo, madume wenye afya nao hutofautiana, kila mmoja akiwa na wastani wake, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo hurithiwa.

Dhana ya mwisho husema kwamba, ikiwa mbegu za aina fulani ni bora, basi vizazi vingetosha kuziondoa nyingine zote. Taeniopygia guttata, ndege mdogo wa Australia, anaonyesha kwa nini haiwi hivyo. Kipande kikubwa cha kromosomu yake ya Z (mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba) kina matoleo yaliyopinduka, yaani yenye mpangilio uliogeuzwa, na tafiti za mwaka 2017 zilionyesha kwamba mbegu zenye kasi zaidi ni za dume aliyerithi matoleo mawili tofauti, moja kwa baba na jingine kwa mama. Dume huyo humpa mwanawe toleo moja tu. Mama akitoa lililo sawa na hilo, kijana hapati mbegu kama za baba yake, na matoleo yote huendelea kuishi katika kundi.