"Maelezo ya uonjaji" wa mvinyo ni nini, na mbona yana mbwembwe hivyo?

Geuza chupa ya mvinyo usome karatasi ya nyuma. Aghalabu utakuta sentensi kama hii (nimeitunga mimi, ila ndugu zake ni wengi): "Mvinyo mwekundu wenye haya, unaofunguka taratibu, wenye harufu ya pilipili hoho na vanila, ukakasi wa hariri, na kumbukumbu ya mvua juu ya jiwe."

Hayo ndiyo maelezo ya uonjaji: maneno machache ya kueleza kinywaji kinanukiaje, kina ladha gani mdomoni, na ladha hiyo inadumu kiasi gani baada ya kumeza. Kazi yenyewe ina maana. Shida ni kwamba sentensi moja hubeba maneno yenye kitu nyuma yake na mengine yasiyo na kitu, yote yamevaa nguo za sherehe.

Pilipili hoho si utani. Zabibu za aina ya Cabernet Sauvignon, za mvinyo mwekundu, zina kemikali za jamii ya pirazini, zilezile zinazoipa hoho mbichi harufu yake, na husikika zaidi zabibu zikichumwa kabla hazijaiva vizuri. Vanila nayo hakuna aliyeitia. Hutoka kwenye mbao za mwaloni za pipa. Ukakasi ni kazi ya tanini, kemikali zilizomo kwenye maganda na mbegu za zabibu: ule mkauko unaobana ulimi na fizi ukinywa chai iliyosahauliwa na majani yake ndani. Kusema ni "wa hariri" ni kusema hauparuzi. Hiyo naivumilia.

Haya, sasa "haya". Mvinyo unamwonea nani haya? Na "mvua juu ya jiwe"? Mzabibu haunyonyi ladha ya mwamba ukaifikisha kwenye glasi, hata kama wauzaji wanapenda tuamini hivyo.

Tusiwalaumu waonjaji kupita kiasi, maana harufu ni ngumu kusemeka. Kiswahili kina shombo, kikwapa na uvundo, yote ya kuziba pua. Kinachonukia vizuri, tunaishia kusema kinanukia kama kitu fulani. Hapo ndipo chumvi inapoanza kuongezwa. Tena macho huingilia kazi ya pua: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa sayansi ya mvinyo huko Bordeaux, Ufaransa, walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu.

Mtu aliyejaribu kuleta nidhamu ni mwanasayansi Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Miaka ya 1980 alitengeneza gurudumu la harufu: katikati kuna makundi mapana kama matunda au viungo, na kadiri unavyoelekea ukingoni unapata kitu mahususi. Maneno ya sifa tupu kama "maridadi" hayakupata nafasi. Pia kila harufu ilipaswa kuwa na kielelezo cha kunusa. Cha pilipili hoho ni rahisi: unakata kipande, unakitumbukiza kwenye glasi ya mvinyo usio na harufu kali, unasubiri kidogo, unanusa. Kipande cha haya sijui ungekikata wapi.