Je, wajua kwa nini redio hukwaruza betri zinapochoka?

Betri za redio zikianza kuchoka, redio haianzi kwa kunong'ona. Huanza kwa kukwaruza. Mtangazaji ambaye jana sauti yake ilikuwa laini, leo anasikika kama mtu mwenye mafua anayesemea ndani ya debe. Ukipunguza sauti kidogo, maneno yananyooka tena. Babu yangu alilijua hilo bila kusomea umeme. Jioni alipunguza sauti akaiweka redio karibu na sikio, na asubuhi akazitoa betri zake nne kubwa na kuzianika juu ya bati. Mimi nilibaki na swali langu mpaka siku nilipoanza kushinda kwenye kibanda cha fundi redio: kama umeme umepungua, mbona sauti haipungui tu? Kwa nini iharibike?

Jibu liko kwenye transista, kile kifaa kidogo kinachoamuru umeme ndani ya redio. Chukua moja ya zile za kawaida kabisa, BC547. Ni kichwa cheusi cha plastiki, kidogo kama punje ya hindi, kilichochongwa bapa upande mmoja, na chini yake miguu mitatu. Ukiishika ubapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, mguu wa kushoto ni kolekta, wa kati ni besi, wa kulia ni emita. (Besi hii si ile ya muziki, ni jina tu la mguu.)

Tumezoea kusema transista "inakuza" sauti, na neno hilo limewachanganya wanafunzi wengi, mimi nikiwamo. Mtu hudhani mawimbi dhaifu yanaingia upande mmoja, yananenepeshwa, yanatoka upande wa pili. Sivyo. Fikiria mifereji ya kumwagilia migomba kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mtoto hana nguvu za kusukuma maji mpaka shambani, lakini anaweza kuinua na kushusha kibao kinachoziba mfereji. Akikiinua kidogo maji yanapita kidogo, akikizidisha yanazidi. Maji ni ya mlimani, mkono wa mtoto unayaamuru tu. Katika redio, mlima ni betri, mfereji ni njia ya kutoka kolekta kwenda emita, na mkono wa mtoto ni ule umeme mdogo wa sauti unaoingia kwenye besi. Kinachotikisa spika ni umeme wa betri, uliofinyangwa kwa umbo la sauti.

Ndani ya ile punje kuna silikoni yenye tabaka tatu. Tabaka la kati, yaani besi, ni jembamba mno na limetiwa uchafu kidogo sana (uchafu wa makusudi, kama boroni, ili lipitishe umeme kwa namna fulani). Besi inapopata volti kama 0.6 au 0.7 kuizidi emita, elektroni zinamwagika kutoka emita kuingia besi. Zinatarajiwa kutokea kwenye mguu wa besi, lakini tabaka ni jembamba kiasi kwamba karibu zote zinavuka kabla ya kunaswa, na upande wa pili kolekta inazivuta. Katika BC547 ya daraja la kati, kati ya elektroni 200 hivi, ni moja tu inayopotelea besi. Ndiyo maana mkondo wa mikroampea 20 kwenye besi unaweza kuamuru miliampea 4 kwenye kolekta (miliampea moja ni mikroampea 1,000).

Fundi alinionyesha haya kwa vitu vitatu: betri ya volti 9, rezista (kizuizi cha mkondo, hupimwa kwa omu) ya omu 1,000 kutoka betri hadi kolekta, na rezista ya omu 390,000 kutoka betri hadi besi. Emita akaiunga kwenye hasi. Kisha akaweka ncha moja ya mita ya kupimia volti kwenye kolekta, nyingine kwenye hasi. Mita ikasoma volti 4.7. "Hapo imekaa katikati," akasema, "haijalala, haijashiba." Sijawahi kusoma kitabu kilichoieleza transista kwa maneno machache kuliko hayo.

Akaichomoa ile rezista ya besi. Mita ikaruka hadi 9. Besi haina kitu, mlango umefungwa, hakuna mkondo unaopita, kwa hiyo volti zote za betri zinasimama kwenye kolekta. Hilo ndilo eneo la kukatika. Akabadilisha, akaweka rezista ya omu 10,000 badala ya ile kubwa. Mita ikaanguka hadi chini ya volti 0.2. Besi sasa inadai mkondo mkubwa kuliko unaoweza kupatikana, maana betri ya volti 9 kupitia omu 1,000 haitoi zaidi ya miliampea 9 hata ukiapa. Kibao kimeinuliwa mpaka juu na mfereji umejaa. Mtoto akiendelea kuinua mkono, haongezi hata tone. Hilo ni eneo la kushiba.

Kati ya kukatika na kushiba ndipo lilipo eneo tendaji, na huko ndiko sauti inakoishi. Ile transista iliyokaa kwenye volti 4.7, ukiitikisa besi yake kwa millivolti 5 tu juu na chini, volti ya kolekta itapanda na kushuka kwa karibu volti 0.8. Ni zaidi ya mara 150. (Besi ikipanda kolekta inashuka, kwa hiyo wimbi linatoka limegeuzwa juu chini, lakini sikio halitambui tofauti hiyo.) Ile rezista ya 390,000 haihusiki na sauti hata kidogo. Kazi yake ni kuiamsha transista na kuikalisha katikati kabla mtu hajasema neno, ili wimbi lipate nafasi juu na nafasi chini.

Sasa ipe transista wimbi kubwa kupita nafasi hiyo. Kolekta inataka kupanda hadi volti 11, lakini betri ina 9. Inataka kushuka chini ya sifuri, lakini imeshashiba kwenye 0.2. Vichwa vya wimbi vinakatwa bapa, juu na chini, kama kilima kilichosawazishwa na greda. Wimbi la mviringo linakuwa na pembe, na kila pembe inazaa sauti nyembamba kali ambazo mtangazaji hakuzitoa. Huo ndio mkwaruzo.

Turudi kwa babu. Betri nne mpya kwa mstari ni volti 6. Kila moja ikichoka hadi volti 0.9, jumla imebaki 3.6. Paa la volti limeshuka, ila sauti inayotoka stesheni haina habari. Inakuja na mawimbi makubwa vilevile, na yanagonga paa. Tena betri iliyochoka ukinzani wake wa ndani umepanda, kwa hiyo kila neno zito linapovuta mkondo, volti zinashuka zaidi papo hapo, na paa linazidi kuinama wakati ule ule linapohitajika juu. Ukipunguza sauti, mawimbi yanakuwa madogo na yanaingia chini ya paa bila kugusa. Na lile jua la asubuhi lilisaidia kweli: joto huharakisha kemia ya betri na kupunguza ukinzani ule, hivyo taarifa ya habari ya mchana ilipatikana.

Lakini kuna mkwaruzo mwingine, ule unaobaki hata sauti ikiwa ndogo. Kwenye redio nyingi, spika haiendeshwi na transista moja bali mbili zinazopokezana kama watu wawili wa msumeno, mmoja anavuta wimbi likiwa juu, mwingine likiwa chini. Kila moja inakaa ukingoni mwa kukatika, imeamshwa kidogo tu, ili betri isiliwe bure wakati wa ukimya. Katika redio nyingi za zamani umeme huo wa kuamshia hutoka kwenye betri zilezile kupitia rezista. Betri zikichoka, transista zote mbili zinasinzia. Kila wimbi linapopita sifuri kuna kijipengo ambapo wa kwanza ameacha na wa pili hajashika. Sauti ndogo ndiyo inayoumia zaidi, maana kijipengo ni kilekile na wimbi limekuwa dogo. Redio za leo zimefungiwa transista nyingi ndani ya chipu moja, ila paa na kijipengo ni vilevile.

Walioibuni transista hawakuwa na redio akilini. Kampuni ya simu ya Marekani ilitaka kitu cha kuchukua nafasi ya vile vikuza sauti vya bomba la kioo, vilivyokula umeme mwingi, vikachemka na kuungua. Desemba 1947, katika maabara zake za Bell huko Murray Hill, New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain walibandika karatasi ya dhahabu kwenye kipembe cha plastiki, wakaichana kwa wembe pale kwenye ncha, wakaikandamiza kwa springi juu ya kipande cha gerimani (kitu cha jamii ya silikoni). Tarehe 23 waliwaonyesha wakubwa wao sauti ikikuzwa. William Shockley, bosi wao, akabuni aina ya tabaka tatu mwezi uliofuata, na ndiyo iliyozaa hizi tunazoziuza kwa shilingi chache kwenye vibanda. Mwaka 1956 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Yale maeneo mawili ya pembeni, yanayoharibu sauti, yana kazi yake kubwa kwingine. Transista inayoruka kutoka kukatika hadi kushiba na kurudi ni swichi, na mashine za kuhesabu zilijengwa kwa swichi hizo. Zina faida moja ninayoipenda: hazichemki sana. Joto ni volti mara mkondo. Aliyekatika ana volti bila mkondo, aliyeshiba ana mkondo karibu bila volti. Anayekaa katikati ana vyote viwili, ndiyo maana amplifaya ya harusini ina lile bati zito la alumini la kupoozea mgongoni. Transista kama 2N3055, ile ya kofia ya chuma, imetengenezwa kuhimili hadi wati 115, lakini kwa sharti kwamba kofia ibaki na ubaridi wa nyuzi 25. Mwanafunzi anayehamia kwenye transista za aina ya FET (zinazoamriwa na volti badala ya mkondo) ashike tahadhari moja: kule jina la "kushiba" limepewa eneo lile lile linalokuza sauti. Jina ni moja, maana zimepishana.

Mwishoni betri za babu zilifika mahali jua halikusaidia tena. Redio haikufifia polepole. Stesheni ilipotea ghafla, katikati ya sentensi, ikabaki mvumo mdogo. Ndani ya redio kuna transista moja ambayo haisubiri sauti ya mtu. Hutengeneza wimbi lake yenyewe, kwa kujirudishia kwenye besi sehemu ya kile inachotoa, na wimbi hilo huchanganywa na la stesheni ili kuinasa. Inaweza kujiendesha hivyo ukuzaji wake unapotosha kufidia kinachopotea njiani. Volti zikishuka chini ya hapo, mzunguko huo unakatika mara moja, na zile transista za spika zinabaki bila cha kupokea.